KIKUNDI KIKITAKA KUTEMBELEA MAKUMBUSHO YA NAIROBI

Sisi tunaosuka mikeka na vyombo vya maziwa, mara nyingi mnunuzi ndiye anayetaja bei, nasi twakubali tu. Hatujui kazi yetu ina thamani gani. Safari ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yaweza kutufungua macho, lakini ipangwe.

Pale kuna nini? Makumbusho yalianzishwa mwaka 1910, na yale ya Museum Hill yakafunguliwa 1930. Yalikarabatiwa na kufunguliwa tena 2008. Mna picha za Joy Adamson, aliyechora watu wa jamii nyingi za Kenya na mavazi yao. Pia mna maonyesho ya maisha yetu tangu kuzaliwa hadi kufa, kwa vyombo na mapambo. Vitu tunavyoviona vya kawaida nyumbani, pale vimetunzwa kama mali ya taifa.

Tupange hivi:

1. Tukubaliane tunakwenda kujifunza nini. Kwa mfano: rangi zinavyopangwa, ukingo unavyomalizwa, maelezo yanavyoandikwa kando ya chombo.

2. Tupige hesabu. Garissa hadi Nairobi ni kama kilomita 370, kwa hiyo tutalala huko siku mbili. Tuhesabu nauli, chakula, malazi na kiingilio. Raia hulipa kidogo kuliko wageni kutoka nje. Bei hubadilika, basi tuulize kwanza. Mchango uanze miezi mitatu mbele, na mweka hazina aandike kila shilingi.

3. Tuandike barua mapema, tutaje idadi yetu, na tuombe mtu wa kutuelezea kwa Kiswahili.

4. Vitambulisho! Njiani kuna vizuizi vya polisi. Mmoja akikosa kitambulisho, safari ya wote yaweza kukwama. Asiye nacho aanze kukishughulikia leo, maana hakipatikani kwa siku moja.

5. Muda ukibaki, twende Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Humo mna mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa rais mwaka 1966, aliyependa sana sanaa za Kiafrika akazinunua na kuzihifadhi.

Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure. Lakini pesa za kikundi si za bure. Tukirudi, tukutane wiki hiyo hiyo, kila mmoja aeleze alichokiona, kisha tuamue: mkeka wetu sasa tutauza bei gani, na kwa nini?