Pumzi ya Mkimbiaji Haipimwi Akiwa Ametulia

Novemba 2012, Kennedy Kithuka wa Kenya alishinda mbio za nyika za vyuo vya Marekani mjini Louisville. Mwaka 2015, katika bustani ileile ya E. P. "Tom" Sawyer, Mkenya mwenzake Edward Cheserek akatwaa taji hilo kwa mara ya tatu mfululizo. Afya yao siijui wala hainihusu. Ninachosema ni kwamba anayemwona kijana akimaliza kilomita 10 kwa kasi ile huamini mapafu yake ni mazima, na daktari naye huamini vivyo hivyo.

Jonathan Parsons na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, mjini Columbus, hawakutaka kuamini tu. Waliwapima wanamichezo 107 wa chuo, wa michezo mbalimbali, na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Mirija ya hewa ya 42 kati yao ilibana, na wengi mno wa hao 42, asilimia 86, hawakuwahi kujulikana kuwa na pumu wala tatizo hilo. Isitoshe, waliolalamika kukohoa au kubanwa kifua hawakubainika kuwa na tatizo mara nyingi zaidi kuliko waliosema hawana neno. Kwa hiyo kumuuliza mwanariadha anajisikiaje hakutoshi.

Ukiwa umekaa, unavuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, nazo hupita puani zikapata joto na unyevu. Mkimbiaji hodari huweza kupitisha zaidi ya lita 150, nyingi yazo kwa mdomo. Kazi ya kuinyevusha hewa hiyo inaiangukia mirija yenyewe; utando wake hukauka, seli humwaga kemikali, misuli inayoizunguka hujikaza. Majira ya baridi ya mji kama Buffalo, Marekani, ambapo hewa haina unyevu wa kutosha, huzidisha shida hiyo.

Ndiyo maana kupuliza spirometa zahanatini, mtu akiwa ametulia, huficha mengi. Tena vipimo vya kawaida vimewekwa kwa watu wa kawaida: mkimbiaji mwenye mapafu makubwa anaweza kupoteza sehemu nzuri ya pumzi yake na karatasi bado ikasoma "sawa". Alinganishwe na nafsi yake. Huko Columbus wanamichezo wale walivutishwa hewa kavu yenye asilimia 5 ya kabonidayoksaidi, isije ikawaletea kizunguzungu, wakihema kwa nguvu dakika 6. Pumzi inayotoka katika sekunde ya kwanza ikishuka kwa asilimia 10 au zaidi, mirija imebana.

Si kila mluzi wa pumzi ni pumu, lakini. Sauti ikitoka wakati wa kuvuta hewa, mbio zikiwa zimepamba moto, na kutoweka mara anaposimama, mtazame zoloto. Pumu hukorota zaidi wakati wa kutoa hewa, mara nyingi baada ya kumaliza. Misuli ya kupumua nayo huchoka: John Leddy na wenzake wa Buffalo walionyesha mwaka 2007 kwamba kuizoesha huwasaidia wakimbiaji, ila zoezi hilo halitibu mirija iliyobana.

Salbutamoli ya kuvuta, dawa ya kufungua mirija iliyobana, inaruhusiwa michezoni, isizidi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, wala 600 ndani ya saa 8. Siku ya kupimwa iachwe angalau saa 8 kabla, la sivyo mgonjwa atarudishwa mazoezini na majibu safi.