Violini, piano na pembe ya tembo: ile muziki tunaita "ya wazungu" iko na sehemu yetu

Bandugu, kila mara mmoja wetu akituma video ya watu wawili, mmoja na violini, mwingine kwenye piano, majibu yanakuja mbio: "Hiyo ni ya wazungu." "Hiyo ni ya kulaza watoto." "Hiyo ni ya matanga." Mimi ni mtu wa agronomia, si mwanamuziki. Lakini masomo yetu yanatuzoeza kuuliza swali moja mbele ya kila zao: kitu hiki kimeota wapi, nani alikibeba, nani alikula faida? Nimeuliza swali hilo juu ya violini na piano, na jibu limenirudisha hadi hapa kwetu, kwenye ufuko wa ziwa Tanganyika. Niwaeleze polepole.

Risitali ya chumbani ni kitu gani?

Orkestra kubwa inaweza kuwa na watu 80 au 100, na mmoja anasimama mbele kuwaongoza. Risitali ya chumbani ni kinyume: watu wawili tu, hakuna kiongozi, hakuna maikrofoni, mara nyingi ndani ya salon ya mtu au ukumbi mdogo. Wanaangaliana na kusikilizana. Mmoja akichelewa, mwenzake anamngoja. Ni kama wavuvi wawili kwenye mtumbwi mmoja: kila mtu na kasia yake, lakini mtumbwi ni ule ule.

Kipindi kinachoitwa cha Romantiki ni karibu karne yote ya 19. Wakati ule watunzi walitaka muziki iseme mambo ya moyo: hamu, hasira, huzuni, mapenzi. Beethoven alifungua njia, kisha wakaja Schumann, Brahms, Grieg, Franck. Na vyombo vyenyewe vilibadilika. Piano ilipewa fremu ya chuma, nyuzi zake zikakazwa zaidi na zaidi, hadi piano kubwa ya leo inabeba mvuto wa karibu tani 20. Sauti ikawa nene, ikaweza kunong'ona na kunguruma. Tangu hapo piano haikuwa tena ya kusindikiza tu. Katika sonata ya violini na piano, wote wawili ni wenye nyumba.

Tuchukue moja: sonata ya César Franck

César Franck alizaliwa Liège, Ubelgiji, mwaka 1822, akaishi Paris akipiga ogani kanisani. Mwaka 1886, akiwa na miaka 63, alitunga sonata yake moja tu ya violini na piano, akaitoa zawadi ya ndoa kwa kijana Eugène Ysaÿe, mpiga violini, naye pia mtoto wa Liège. Mwezi wa Septemba, siku ya arusi yenyewe, Ysaÿe aliipiga mbele ya wageni. Hebu fikiri: wengine wanaleta sufuria na mablanketi, huyu mzee analeta muziki ya karibu nusu saa.

Tarehe 16 Desemba 1886 ikapigwa mbele ya watu wote, ndani ya jumba la picha huko Brussels. Vincent d'Indy, mwanafunzi wa Franck, ndiye aliyesimulia. Mchana ulikuwa unakwisha, na ndani ya jumba lile ilikuwa marufuku kuwasha taa juu ya kulinda picha. Giza likaingia. Ysaÿe na mpiga piano, mama Léontine Bordes-Pène, hawakuona tena karatasi zao. Wakaendelea kwa kichwa, gizani, mpaka mwisho. Sisi wa Kalemie tunajua umeme kukatika katikati ya kazi. Hao wawili tunawaelewa vizuri.

Namna ya kuisikiliza: iko na sehemu nne. Ya kwanza ni tulivu. Piano inaanza peke yake, taratibu, kisha violini inaingia na wimbo mfupi unaoyumba kama mtumbwi asubuhi wakati ziwa limelala. Ushike ule wimbo mfupi, usiuache, kwa sababu Franck atakurudishia tena na tena, ukiwa umebadilishwa nguo. Sehemu ya pili ni dhoruba. Piano inachemka, violini inapanda juu yake. Ya tatu ni kama mtu anaongea peke yake usiku: anaanza, anakata, anawaza, anaanza tena. Ya nne ndiyo tamu. Piano inaanza wimbo, violini inaufuata ule ule, hatua moja nyuma. Sikio la Kiafrika halihitaji mwalimu hapo. Tumekua na nyimbo za mmoja kuanza na wengine kumfuata, kanisani, shambani, kwenye nyavu.

Mti: hapa niongee kama mtu wa mimea

Violini ni karibu mti mtupu. Kifua chake, ule ubao wa mbele unaotetema, ni wa msonobari wa nchi za baridi, ule Wafaransa wanaita epicéa. Milimani huko mti unakua polepole, miduara yake ya mwaka inabanana, na ubao unakuwa mwepesi lakini mgumu. Hiyo ndiyo sababu unatetema vizuri. Mgongo ni wa mti mwingine wa baridi, érable. Ule ubao mweusi mahali vidole vinakanyaga nyuzi ni mpingo mweusi, ebène, na sehemu kubwa ya ebène hiyo imetoka Afrika na visiwa vyake. Uta ni wa mti wa Brazili unaoitwa pernambuco. Huo ulikatwa sana hadi ukawa karibu kuisha, na tangu 2007 biashara yake inasimamiwa na mkataba wa CITES. Kwenye uta wanafunga manyoya ya mkia wa farasi, wanayapaka utomvu mkavu wa msonobari ili yashike nyuzi.

Angalieni basi: "chombo cha mzungu" kimoja kimekusanya misitu ya mabara matatu. Piano ndiyo imeenda mbali zaidi, kwani imechukua hata mnyama.

Pembe: barabara iliyopita kwetu

Piano iko na vibonyezo 88: vyeupe 52 na vyeusi 36. Katika karne ya 19 na mwanzo wa ya 20, piano nzuri ilifunikwa vyeupe vyake kwa vipande vyembamba vya pembe ya tembo. Pembe ni laini kwa kidole, inanyonya jasho, haitelezi. Na watengeneza piano walipenda zaidi ile pembe "laini" ya Afrika ya Mashariki, iliyouzwa Zanzibar.

Zanzibar haikuwa na tembo. Pembe ilitoka bara, na kadiri tembo walivyoisha karibu na pwani, ndivyo misafara ilivyoingia ndani zaidi: Tabora, Ujiji, kisha kuvuka ziwa letu. Mtowa, kaskazini kidogo ya mji wetu, ndipo mitumbwi ya Ujiji ilitia nanga, na kutoka hapo misafara ilishika njia ya Manyema. Tippu Tip alijenga nguvu yake juu ya biashara hiyo. Pembe moja kubwa ilipita kilo 30, na kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Wabebaji wengine, kama Wanyamwezi wengi, walikwenda kwa mshahara. Wengine walikuwa watu waliotekwa, vijiji vyao vimechomwa. Kiswahili hiki ninachowaandikia kilifika kwetu na misafara hiyo hiyo. Ni barabara moja iliyotuletea lugha na kutuondolea watu.

Kutoka Zanzibar, pembe nyingi zilipanda meli hadi Marekani, jimbo la Connecticut. Kuko mji mdogo pale unaoitwa hadi leo Ivoryton, maana yake mji wa pembe. Viwanda vya pale na vya Deep River jirani vilikata pembe kwa misumeno, wakaanika vipande juani ndani ya nyumba za vioo ili viwe vyeupe, kama sisi tunavyoanika ndagala kwenye mchanga. Karibu mwaka 1909 Marekani ilitengeneza zaidi ya piano 300,000 kwa mwaka mmoja. Upande wa Ubelgiji, Léopold II alikuwa amejitwalia Kongo mwaka 1885, mwaka mmoja tu kabla ya sonata ya Franck. Muda mfupi baadaye Antwerp ikawa soko kubwa la pembe. Na kuanzia mwisho wa 1891 kapiteni Jacques, Mbelgiji aliyetumwa kupigana na wauza watumwa, akajenga kituo cha Albertville. Ndiyo Kalemie yetu.

Mwaka 1989 mkataba wa CITES uliamua kufunga biashara ya pembe kati ya nchi na nchi. Piano za leo zinafunikwa plastiki. Lakini ile sauti iliyojaza salon za Paris, Brussels na Boston, vidole vilikuwa vinaigusa kupitia mnyama wa huku.

Je, tuikatae?

Kuko mwenzetu atasema: kama ni hivyo, tuitupe. Mimi naona kinyume. Mtu aliyechangia ujenzi wa nyumba hakai nje ya mlango kama mgeni. Anaingia, anakaa, anaangalia vizuri.

Na tena, Waafrika na watoto wao walikuwa ndani tangu mwanzo. Sonata ya Beethoven inayoitwa Kreutzer, moja kati ya zenye jina kubwa zaidi, alimtungia George Bridgetower, mpiga violini mwenye baba mweusi. Waliipiga pamoja Vienna tarehe 24 Mei 1803. Baadaye waligombana, Beethoven akafuta jina lake na kuweka la Kreutzer, ambaye hakuipiga hata siku moja. Hata jina la sonata linaweza kuibwa, bandugu.

Violini yenyewe Waswahili waliishika zamani. Zanzibar wanaiita fidla, nayo ni moyo wa taarab. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianza 1905, Culture Musical Club 1958, na fidla ziko mstari wa mbele. Hapa nchini, Kinshasa, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste mwaka 1994. Mwanzoni violini zilikuwa chache na wanafunzi wengi, wakawa wanapokezana. Uzi ukikatika, walitumia waya wa breki ya baisikeli. Filamu ya Kinshasa Symphony ya 2010 imewaonyesha. Hawakungoja mtu awaambie kama muziki hiyo ni yao.

Somo letu sisi ba-licencié

Sikilizeni hesabu ya pembe kwa jicho la uchumi. Ilitoka huku ghafi, juu ya bega la mtu. Kule ikakatwa, ikaanikwa, ikabandikwa, ikawa piano. Faida kubwa ilibaki kwa aliyekuwa na msumeno, fundi na shule. Sisi tulibaki na msitu bila tembo. Leo Manono, ndani ya provensi yetu, iko na lithium inayotafutwa na dunia nzima kwa betri. Tuko na samaki, mahindi, mihogo, mawese. Kila gunia linalopita bandarini bila kuguswa na fundi wetu linashika ile njia ya pembe. Na kuhusu muziki ni vile vile: tunatoa masikio na megabaiti, lakini mafundi wa vyombo, walimu na watunzi wako wapi kwetu? Seremala anayejua kuchagua mbao anaweza kujifunza kurekebisha gitaa, kisha violini. Kijana wa kwaya anayesoma nota yuko nusu ya njia tayari.

Kwa wanaotaka kuanza, fanyeni hivi. Tafuteni sonata ya Franck usiku, wakati mtandao ni mwepesi. Sikilizeni mara tatu, siku tatu mbalimbali. Mara ya kwanza fuateni violini tu. Mara ya pili, piano tu. Mara ya tatu hesabuni ni mara ngapi ule wimbo mfupi wa mwanzo umerudi. Msiogope kama siku ya kwanza hamuelewi kitu. Hata rumba ya wazee wetu tuliizoea kwa kuisikia sana nyumbani.

Kisha rudini hapa chini mniambie: katika sehemu ya nne, ni dakika gani violini inaacha kufuata nyuma na kuanza kutangulia? Wadogo wetu wa mwaka wa kwanza, nanyi pia. Anayekuja na jibu zuri, tutamwomba aandike makala inayofuata.