Mume amenyamaza, mke anasema: nani kati yao hana subira?

Magomvi mengi ya ndani ya nyumba chanzo chake si tatizo lenyewe lililowafika wanandoa, bali ni namna kila mmoja wao anavyolipokea. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, wapo wafanyabiashara waliopoteza kwa usiku mmoja mtaji waliouhangaikia kwa miaka. Tuchukue mfano wa nyumba ambayo baba amefikwa na hasara ya aina hiyo. Baba anarudi akiwa kimya, chakula anakigusa tu, na baada ya Isha anatoka, asirejee ila watoto wamekwisha kulala. Mama hana tabia ya kukaa na jambo moyoni. Siku ya pili amekwisha kumpigia simu dada yake na kumweleza yote, deni baada ya deni. Baba akizipata habari hizo anasema ameanikwa hadharani. Mama naye anasema ameolewa na ukuta. Kila mmoja anamtuhumu mwenzake kuwa hana subira, na hasara ya mali inazaa hasara ya pili ambayo si moto ulioileta.

Mwaka 1984 wataalamu wawili wa saikolojia wa Marekani, Richard Lazarus na Susan Folkman, walitoa kitabu kilichobainisha njia mbili za kukabiliana na msongo wa mawazo: kulishughulikia tatizo lenyewe, na kuituliza nafsi iliyojeruhiwa na tatizo. Anayemwendea mdai wake kuomba muda yumo katika njia ya kwanza. Anayelia, au anayemfungulia dada yake moyo, yumo katika njia ya pili. Hawakusema kuwa moja ni bora kuliko nyingine kila wakati. Jambo linaloweza kubadilishwa lataka kushughulikiwa. Lile lililokwisha kupita, kama kifo, lataka moyo uliotulia. Wala hawakusema kuwa mtu amefungwa katika njia moja maisha yake yote. Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu tukielezwa tabia zetu hukimbilia kusema, "Mimi ndivyo nilivyoumbwa," na mazungumzo yakaishia hapo.

Katika kisa cha Nabii Yaaqub (a.s.) njia zote mbili zimo kwa mtu mmoja. Alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakapofuka, na huzuni yake akaipeleka kwa Mola wake. Lakini papo hapo aliwaagiza wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye. Machozi hayakumzuia kupanga, na kupanga hakukumfanya aone haya ya kulia.

Vivyo hivyo, tazama siku alipofariki Mtume (s.a.w.) Madina, mwaka wa 11 Hijria. Sayyidna Umar (r.a.), shujaa asiyetiliwa shaka, alikataa katakata kuwa Mtume amekufa na akawatisha waliosema hivyo. Sayyidna Abubakar (r.a.), mtu mwepesi wa kulia, aliingia ndani, akamfunua uso, akambusu, kisha akatoka na kuwatuliza watu. Msiba ni mmoja, na imani zao hazina mfano, lakini namna walivyoupokea zilitofautiana. Basi kwa nini mke amhukumu mumewe kuwa hana huruma kwa sababu hakulia mazikoni?

Turudi kwenye simu ya mama, maana hapo ndipo penye ugomvi mkubwa. Je, kueleza dhiki ni kukosa subira? Mtume (s.a.w.) aliposhukiwa na wahyi wa kwanza alirudi nyumbani akitetemeka, na mtu aliyemweleza ni mkewe, Bibi Khadija (r.a.). Bibi Khadija alianza kwa kumfunika nguo hadi hofu ikamtoka. Kisha alimsikiliza, akamkumbusha wema wake kwa jamaa na wanyonge, na mwisho akampeleka kwa binamu yake Waraqa, mtu mwenye elimu ya jambo hilo. Utaratibu huo una mafunzo mengi kwetu ambao mtu hajamaliza sentensi tumekwisha kumtolea hukumu. Kusema basi si kosa. Linalotazamwa ni nani anayeambiwa na kiasi gani. Dada mmoja msiri ni mshauri, lakini kundi la simu lenye wanachama 80 ni uwanja wa soko.

Na kimya nacho si kibaya chenyewe. Wapo wanaohitaji siku mbili za utulivu ndipo fikra zao zikusanyike. Ubaya ni pale kimya kinapogeuka maficho: mume anakesha kwenye kamari za mpira akitumaini kurudisha mtaji, na mke asiyeambiwa lolote anachukua kwa siri mikopo ile inayoitwa kausha damu ili watoto wale. Nyumba hiyo sasa ina madeni mawili, na kila mmoja analijua moja tu.

Anayetaka kuijua namna yake ayakumbuke matatizo mawili matatu yaliyompata karibuni. Saa ya kwanza alifanya nini? Alimwendea nani? Je, aligomba na watoto wasiohusika? Mwili nao hutoa ushahidi: mmoja huumwa kichwa, mwingine tumbo, mwingine hupoteza usingizi. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, na akashauri kuwa kama watu wanavyojiwekea dawa wakiwa wazima, wajiwekee pia fikra za kuwatuliza kabla ya dhiki kufika. Usiku wa moto si wakati wa kuanza kuzitafuta.

Ikiwa huzuni na kukosa usingizi vimezidi wiki mbili, au mtu anatamani kufa, hiyo huenda ikawa sonona, na apelekwe hospitali kama anavyopelekwa mgonjwa wa malaria. Kumwambia kuwa imani yake ni ndogo ni kumwongezea ugonjwa.

Kwa wanandoa wa mfano wetu, maneno machache yangetosha kwa kuanzia. Baba aseme, "Mama watoto, nimeelemewa, niache mpaka Ijumaa, kisha tutakaa tuhesabu pamoja," na Ijumaa ikifika akae kweli. Wakubaliane ni nani mmoja wa kuambiwa, na nini kibaki baina yao. Watoto nao wasisahauliwe. Mtoto wa miaka 10 huona sahani ya baba isiyoguswa, na asipoambiwa kitu hudhani kosa ni lake. Aelezwe kuwa mali imepotea, kuwa yeye hakukosea, na kuwa ada ya shule inatafutwa.