Usione Vyaelea, Vimeundwa

Mgeni afikapo Harewood, karibu na mji wa Leeds nchini Uingereza, hulakiwa na jumba la mawe lenye haiba ya pekee. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1759, na kufikia 1771 mwenyewe, Edwin Lascelles, alikuwa amekwisha kuhamia. John Carr ndiye aliyechora ramani; Robert Adam akayaremba mambo ya ndani, hasa dari zilizotiwa nakshi za lipu. Samani zilitoka kwa Thomas Chippendale, seremala mashuhuri mzaliwa wa Otley, mwendo mfupi kutoka hapo. Nje, Lancelot Brown alitengeneza ziwa na malisho kwa ustadi ambao humfanya mtazamaji adhani ni maumbile ya Mungu.

Fedha zilitoka wapi? Henry Lascelles, babake Edwin, alitajirika kisiwani Barbados kwa sukari, mikopo, forodha na biashara ya watumwa. Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Waliofidiwa ni mabwana! Bwana wa Harewood alipewa zaidi ya pauni 26,000 kwa ajili ya watu 1,277. Wao wenyewe hawakuambulia hata peni. Nasi wa pwani ya Kenya tunaijua hesabu hiyo, kwani utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907, fidia iliwaendea wenye watumwa.

Wapo wasemao kwamba kuyataja haya ni kuuchafua urithi. Shirika la National Trust lilipoeleza mwaka 2020 kuwa majumba na maeneo yake 93 yana uhusiano na ukoloni na utumwa, lilishutumiwa vikali. Hoja hiyo haina mashiko. Mwaka 2023 David Lascelles, mrithi wa Harewood, alishirikiana na wazawa wengine wa wenye watumwa kuunda kundi la kukiri historia hiyo na kuunga mkono madai ya fidia. Jumba halikubomoka kwa kukiri huko.

Hatusemi nakshi zifutwe. Kazi njema ni njema, na Adam na Chippendale wanastahili sifa zao. Tusemalo ni kwamba anayewataja mafundi hana budi kuwataja pia waliokata miwa, kwa maana bila jasho lao mafundi hao wasingelipwa.