Moshi wa Malori na Dawa ya Kuusafisha

Mwezi huu tuzungumzie moshi wa dizeli. Ndugu zetu wengi huishi, huuza matunda na husubiri mabasi kando ya barabara kuu, na watoto wenye pumu huvuta hewa hiyo kila siku.

Ubaya wake ni nini?

Katika joto kali la injini, naitrojeni na oksijeni za hewani huungana na kuwa oksidi za naitrojeni. Mojawapo, naitrojeni dayoksaidi, huwasha njia ya hewa, huamsha pumu na hupunguza nguvu ya mapafu kupigana na maambukizo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachoshauriwa, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 40 hadi 10 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Gesi hizi ni vigumu kuziona. Hivyo lori lisilotoa moshi mweusi si lazima liwe safi.

Dawa yake hufanyaje kazi?

Dawa yake ni amonia. Ikikutana na gesi hizo, hugeuka pamoja nazo kuwa mvuke wa maji na naitrojeni ya kawaida, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Lakini katika joto la bomba la moshi haziungani zenyewe. Huhitaji kichocheo, ambacho ni kama mshenga: huwakutanisha wawili wakaoana, yeye mwenyewe asioe. Vichocheo hivi huwa na oksidi ya vanadi, au zeolaiti yenye shaba au chuma. Mitambo ya umeme nchini Japani ilianza kutumia njia hii miaka ya 1970.

Amonia ni kali kwa macho na mapafu. Kwa hiyo malori hubeba yurea asilimia 32.5 iliyoyeyushwa katika maji yaliyosafishwa, ambayo madereva huiita AdBlue. Ikinyunyizwa katika moshi wa moto, hutoa amonia.

Tufanye nini?

1. Wenye malori wasizime mfumo huu ili kuokoa fedha. Lori litatembea, lakini gharama italipwa na vifua vya watu.

2. Msiyeyushe yurea ya mbolea mkaitia humo. Uchafu wake huharibu kichocheo. Dizeli yenye salfa nyingi nayo hukidhuru, kwa hiyo epukeni mafuta ya magendo.

3. AdBlue haina rangi. Isiwekwe kamwe katika chupa ya maji ya kunywa. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi.

4. Malori ya zamani hayana kifaa hiki. Yafanyiwe matengenezo kwa wakati, na kila dereva azime injini anaposubiri.

5. Mwenye pumu asikae nyuma ya gari linalonguruma, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu. Mtoto anayepumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani au midomo ikigeuka rangi ya buluu, apelekwe hospitali mara moja. Msingoje asubuhi.

Amri ya tano inatudai kulinda uhai wa jirani, hata yule tunayempita barabarani bila kumjua. Mungu awabariki.