Vumbi Jeusi la Magurudumu

Jumamosi jioni gari letu lilikuwa limeoshwa tayari kwa ibada ya kesho yake. Bodi iling'aa, lakini magurudumu ya mbele yalikuwa bado meusi kama sufuria la kuni, hasa lile la kushoto. Nikamgombeza mwanangu kwa uvivu. Akanijibu kwa upole, "Mama, hilo nimelisugua mara tatu." Alikuwa anasema kweli.

Mama mwenzangu, weusi ule si tope. Dereva anapokanyaga breki, pedi hubana diski ya chuma, na vyote viwili husagika kidogo kidogo. Unga unaotoka una chembe za chuma, kaboni na gundi iliyoshikanisha pedi. Huruka ukiwa wa moto na kunata kwenye rimu. Umande na mvua vikiufikia, zile chembe za chuma hushika kutu na kujichimbia ndani ya rangi. Ndiyo maana uchafu wa wiki moja hutoka kwa maji na sabuni, lakini wa miezi kadhaa huacha vidoa vya kahawia. Magurudumu ya mbele huchafuka zaidi kwa kuwa gari likisimama uzito wake huegemea mbele, na breki za mbele ndizo zenye kazi kubwa. Aliyewahi kuteremka kutoka Lushoto hadi Mombo, mguu haubanduki kwenye breki, ameyaona. (Heri kuteremka kwa gia ndogo.)

Kabla hujashika kitambaa, kuna jambo la afya. Kwa miaka mingi ya karne iliyopita pedi nyingi za breki zilitengenezwa kwa asbesto. Nyuzi zake zikivutwa kwa pumzi zaweza kuleta saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, tena baada ya miaka mingi mtu akiwa amekwisha kusahau. Hata Marekani ilitoa kanuni ya kupiga marufuku asbesto iliyokuwa bado ikitumika katika breki mwaka 2024 tu. Pedi za bei ya chini zisizo na maelezo yoyote kwenye boksi, nani ajuaye zina nini? Na hata bila asbesto, unga wa chuma si wa kuvutwa na mtoto. Basi vumbi hili lisikung'utwe kwa kitambaa kikavu, lisifagiliwe, wala lisipulizwe kwa upepo wa kompresa. Lilowesheni kwanza, na wadogo wanaopenda kuchezea maji wakae mbali.

Kuosha kwenyewe si kazi ngumu. Ngoja magurudumu yapoe kabisa, gari likiwa kivulini. Osha magurudumu kabla ya bodi, kwa ndoo na sponji yake yenyewe, maana chembe zile zikihamia kwenye bodi zitaikwaruza. Mwagia maji mengi, kisha sabuni ya maji, ukimaliza gurudumu moja ndipo uende la pili. Mswaki wa zamani huingia vizuri kwenye nati. Vidoa vikikaidi, nunua dawa ya rimu isiyo na asidi. Zipo zinazogeuka zambarau zikikutana na chuma, nazo zinanuka kama yai viza! Vaa glavu, usiache dawa ikauka, suuza sana.

Lakini usithubutu kutumia waya wa masufuria, maji ya betri wala dawa ya choo. Wapo waosha magari wanaozipenda kwa sababu rimu hung'aa papo hapo. Asidi hiyo hula rangi ya juu na alumini yenyewe, ikaacha mabaka meupe yasiyotoka tena. Ukimaliza, dereva aende polepole hatua chache akigusa breki, zikauke.

Sasa nirudi kwa lile gurudumu la kushoto. Wiki tatu mfululizo lilikuwa jeusi kuliko mwenzake wa kulia, nami niliendelea kumlaumu mtoto. Fundi alipolifungua alikuta breki imeganda, haiachii hata mguu ukiondolewa, na pedi imebaki nyembamba kama sarafu. Tulikuwa tumebakiza siku nne kusafiri na watoto. Kwa hiyo linganisha kushoto na kulia kila uoshapo. Moja likiwa jeusi zaidi, au moja likibaki safi ajabu huku mwenzake mchafu, mwite fundi. Ukiona unyevu wa mafuta ndani ya rimu, gari lisiondoke kabisa, maana huenda mafuta ya breki yanavuja.

Bei ya pedi ilituuma, nikataka tubadilishe za upande mmoja tu. Fundi alikataa, na alikuwa na haki: pedi hubadilishwa kushoto na kulia pamoja, la sivyo gari huvuta upande mmoja linapofungwa breki.