Profesa wa Nyoka na Vyura

Ofisa wa wanyamapori akiletewa nyoka aliyeuawa shambani, au mwanafunzi akikutana na mjusi asiyemfahamu, kitabu kinachofunguliwa Afrika Mashariki mara nyingi ni kimoja: mwongozo wa reptilia wa ukanda huu uliochapishwa mwaka 2002, ukatoka upya mwaka 2018 ukiwa na spishi 492 za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Toleo la kwanza liliandikwa na watu wanne: Stephen Spawls, Kim Howell, Robert Drewes na James Ashe. Leo namzungumzia Howell, kwa sababu maisha yake ya kitaaluma yanaonyesha waziwazi kazi ya profesa wa nyoka na vyura ni nini, na nchi inapungukiwa nini inapomkosa mtu wa namna hiyo.

Howell ni Mmarekani kwa kuzaliwa. Alifundisha zoolojia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1970, akafikia ngazi ya profesa. Huko kukaa ndiko ninakokupa uzito. Watafiti wa kigeni wamekuwa wakija kwenye milima yetu tangu enzi za Wajerumani. Hufika, hukusanya, kisha hurudi kwao na masanduku. Arthur Loveridge alifanya kazi Nairobi na Tanganyika kabla ya kuhamia Harvard mwaka 1924, na kutoka huko akarudi kukusanya wanyama wa Usambara na Uluguru. Kazi yake ni kubwa, tunaitegemea hadi leo. Lakini sehemu kubwa ya vielelezo vyake iko ng'ambo, na mwanafunzi wa hapa akitaka kuvishika mkononi sharti atafute viza na nauli ya ndege.

Taaluma yenyewe huitwa herpetolojia, elimu ya reptilia na amfibia: nyoka, mijusi, vinyonga, kobe, mamba, vyura, na wale amfibia wasio na miguu ambao wakulima wengi huwachukulia kuwa nyungunyungu wakubwa. Ngazi zake chuoni ni zilezile za wengine: shahada ya kwanza, ya uzamili, ya uzamivu, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kinachotofautiana ni kazi inayomkuza mtu kutoka ngazi moja hadi nyingine.

Mwanzo wa kazi hiyo ni orodha. Mwaka 1991 Howell na Donald Broadley wa Zimbabwe walitoa orodha ya reptilia wa Tanzania pamoja na funguo za utambuzi. Ufunguo wa utambuzi ni mfululizo wa maswali: magamba ni laini au yana tuta katikati? Mistari ya magamba katikati ya mwili ni mingapi? Gamba linalofunika tundu la haja ni zima au limegawanyika? Kila jibu linakupeleka kwenye swali jingine hadi ubaki na jina moja. Kwa anayesikia kwa mara ya kwanza, kuhesabu magamba ya nyoka aliyekufa kunaonekana kazi ya kupoteza wakati. Sivyo hata kidogo.

Chukua nyoka wa kijani wa pwani. Wapo watatu wanaochanganywa kila siku. Wa kwanza ni ndugu wa koboko, kijani kibichi, magamba laini. Sumu yake hushambulia neva na inaweza kuzima pumzi. Wa pili ni wale nyoka wembamba wa kijani wa jenasi ya Philothamnus, wasio na madhara yoyote kwa binadamu, ambao huuawa kwa wingi kwa kosa la kufanana na wenzao. Wa tatu ni nyoka wa mitini aitwaye kitaalamu Dispholidus typus: macho makubwa, magamba yenye tuta. Huyu sumu yake huzuia damu kuganda; aliyeumwa anaweza kukaa saa nyingi akijiona mzima, kisha akaanza kuvuja damu kwenye fizi na ndani ya mwili. Dawa ya kawaida ya sumu ya nyoka, ile inayotengenezwa kwa kuchanganya kinga dhidi ya nyoka kadhaa, haimsaidii. Anahitaji dawa yake mahususi. Kwa hiyo gamba lile lenye tuta si pambo la kitabuni.

Hata mabingwa wamewahi kukwama hapo. Septemba 1957, Karl Schmidt wa jumba la makumbusho la Chicago, mmoja wa wanaherpetolojia wakubwa wa zama zake, aliletewa nyoka mchanga kutoka bustani ya wanyama ya mji huo ili amtambue. Dalili nyingi zilimwelekeza kwa Dispholidus, lakini gamba la tundu la haja lilikuwa zima, na kwa kawaida ya spishi hiyo hugawanyika. Akiwa bado na shaka, nyoka akamuuma kidole gumba. Schmidt alirudi nyumbani, akaandika dalili zake moja baada ya nyingine, na kesho yake akafariki. Kila ninapofundisha jinsi ya kutumia ufunguo wa utambuzi huwaeleza wanafunzi kisa hiki, ili wajue kwamba ufunguo mzuri hutengenezwa na mtu aliyeona nyoka wengi wa spishi moja, pamoja na wale waliokiuka kawaida.

Ili kuwaona wengi, profesa hukesha. Vyura hutafutwa usiku kwa taa ya kichwani, kwa kufuata milio na macho yanayomeremeta. Wanyama wa ardhini hutegwa kwa ndoo. Utaratibu uliotumika sana katika milima yetu ni wa mstari wa mita 50 wenye ndoo 11, moja kila baada ya mita 5, zimefukiwa hadi midomo yake iwe sawa na ardhi, na juu yake ukuta mfupi wa plastiki unaopita katikati ya mstari mzima. Mjusi akigonga ukuta hauruki. Huufuata, na anatumbukia. Kila alfajiri ndoo hukaguliwa. Wengi huachiwa. Wachache huhifadhiwa: kipande kidogo cha nyama au ini huwekwa kwenye spiriti kwa ajili ya vinasaba, mwili huimarishwa umbo kwa formalini, kibandiko chenye namba hufungwa mguuni, na namba hiyo huandikwa kwenye daftari pamoja na mahali, mwinuko, tarehe na saa.

Wasomaji wengine watachukia kusikia kwamba mnyama huuawa kwa ajili ya chupa. Nawaelewa, na mimi mwenyewe naamini wanaochukuliwa wawe wachache kadiri inavyowezekana. Lakini tazama faida yake. Mwaka 1905 Mjerumani Gustav Tornier alieleza vyura wa Tanganyika wanaozaa watoto kamili badala ya kutaga mayai, jambo ambalo halikuwa limejulikana kwa chura yeyote duniani. Vielelezo vya wakati ule vilibaki kwenye chupa zake kwa zaidi ya karne. Mwaka 2025 watafiti waliotoa vinasaba kwenye vielelezo vya zamani vya kundi hilo, wakavilinganisha na vyura wa leo, walitangaza spishi tatu mpya za milima ya Tao la Mashariki. Swali lililojibiwa halikuwepo akilini mwa aliyejaza chupa zile.

Kundi hilohilo, Nectophrynoides, ndilo lenye kisa kinachojulikana zaidi katika kazi ya Howell. Mwaka 1996, wakati bwawa la umeme la Kihansi likijengwa kwenye miteremko ya Udzungwa, uchunguzi wa mazingira wa korongo chini ya maporomoko uligundua chura mdogo wa rangi ya manjano, jike lisilofika sentimita tatu. Aliishi kwenye majani yaliyoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko, katika eneo lisilozidi hekta mbili, na hakuna mahali pengine duniani alipopatikana. Maelezo yake ya kitaalamu yalitoka mwaka 1999, yakiwa yameandikwa na John Poynton, Howell, Philip Clarke na Jon Lovett, na katika kichwa cha makala yao walisema wazi kwamba spishi hii mpya iko hatarini kabisa kutoweka. Hawakusubiri tathmini nyingine.

Walisema kweli. Kufikia mwaka 2000 zaidi ya asilimia 90 ya maji ya mto ilikuwa imeelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180. Manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walipelekwa Bronx, New York, ili wazalishwe, na korongoni vikafungwa vinyunyizi vya kuiga maporomoko. Kwa muda ilionekana inafaa: Juni 2003 walikadiriwa kufikia takriban 20,000. Baada ya miezi michache hawakuwa wakionekana tena ila mmoja mmoja. Kwenye maiti zao alipatikana kuvu aitwaye Batrachochytrium dendrobatidis, anayeshambulia ngozi ya amfibia na kuvuruga chumvi za mwili hadi moyo usimame. Wataalamu walitaja pia tope lililoachiwa kutoka bwawani wakati huohuo. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Wale wa Marekani nao walikuwa wamepungua hadi takriban 70, kisha bustani za wanyama za Bronx na Toledo zikajua namna ya kuwalea: mwanga wa aina gani, chakula gani, unyevu kiasi gani. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi nyumbani, wakawekwa kwenye maabara maalumu Mlimani, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwa awamu.

Watu hubishana kama umeme ulistahili gharama hiyo. Sitaubeza umeme, nchi ilikuwa na mgawo mkali. Ninachosisitiza ni kwamba mjadala wenyewe uliwezekana kwa sababu kulikuwa na watu waliowahi kuona vyura wengi wa kundi hilo, wakaweza kumtazama huyu na kusema kwa hakika kwamba hajawahi kuandikwa popote. Bila wao angeitwa chura tu, na angepotea bila mtu kujua kwamba kuna kilichopotea.

Wenzake walimkumbuka Howell kwa namna wanasayansi wanavyokumbukana. Kuna panya-pua wa milima ya Usambara na Uluguru, Sylvisorex howelli, aliyepewa jina hilo mwaka 1984, na mjusi mdogo wa Tanga, jamaa wa mjusi kafiri, aliyeitwa Lygodactylus kimhowelli mwaka 1995. Mimi naona heshima kubwa zaidi ni kwamba kazi inaendelea palepale alipoifanya. Mwaka 2023 John Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa nje, walitangaza chura mpya wa milima ya Ukaguru, Hyperolius ukaguruensis, ambaye dume lake halitoi mlio. Walimpata wakiwa wanamtafuta chura mwingine kabisa.

Hata hivyo wanaofanya kazi hii ni wachache kupita kiasi kwa nchi yenye milima hiyo yote. Utafiti wa kuhesabu magamba hauleti ruzuku kubwa, makala zake husomwa na wachache, na kamati za kupandisha vyeo hupima kwa idadi ya makala, haziulizi kama mtu alitengeneza orodha itakayotumika miaka 30. Mtaalamu akistaafu, mara nyingi kiti chake hupewa fani nyingine. Chupa hubaki stoo, spiriti inakauka, vibandiko vinafifia.

Hili linarekebishika, na si kwa fedha nyingi. Vyuo vyetu vitenge nafasi za kudumu za wataalamu wa utambuzi, viajiri watunza vielelezo, na vihesabu mkusanyiko uliotunzwa vizuri kuwa kazi ya kitaaluma wakati wa kupandisha watu vyeo. Nawe kijana unayesoma baiolojia na usiyeogopa kukesha mvuani Udzungwa, tafuta mwalimu wa fani hii mapema, angali kazini, umwombe akufundishe kusoma gamba.